Safu ya Nne

Jumamosi, 4 Oktoba 1997

Leo nimeingia kwenye matete na Shangazi Skolastika. Si shangazi yangu wa damu. Hapa Ilagala kila mtu anamwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Anakata mafunjo pale Malagarasi inapoingia ziwani, anasuka majamvi. Klabu yetu ya mazingira hairuhusu mwanafunzi kwenda majini bila mtu mzima, na Baba mchana analala kwa sababu ya kuvua usiku. Kwa hiyo naenda na Shangazi.

Hesabu ya leo naiweka na humu, daftari la klabu lisije likalowa. Yangeyange 41. Mnandi 23, wote kwenye mti mmoja mkavu, mabawa wazi kama nguo zilizoanikwa. Mdiria 9. Furukombe 2. Viboko — masikio tu, jozi nne.

Halafu! Shangazi akashika upondo, mtumbwi ukasimama. Akanong'ona: Karani.

Karani gani? Akanionyesha kwa kidevu. Niliona kitu cha kijivu, kirefu kama mtoto wa darasa la kwanza, kimesimama wima. Mtumbwi ukageuka kidogo, matete yakaziba. Tulipozunguka hapakuwa na kitu.

Anasema ni ndege. Mkubwa, wa kijivu, mdomo mpana kama kiatu cha askari. Anaweza kusimama saa nzima anatazama chini, hasalimii mtu, kama karani na kitabu chake. "Halafu ghafla anakula mtoto wa shule!" Nikaruka. Shangazi akacheka mpaka maji yakaingia mtumbwini. Kumbe anakula kambare.

Aliwahi kumwona utotoni, kwao Rumonge, Burundi. Baba yake alimbeba mabegani ili amwone. Tangu aje huku hakuwa amemwona hata mara moja. Leo ndiyo mara ya kwanza. Aliposema hivyo alisahau kusukuma upondo, mtumbwi ukaelea wenyewe.

Nimeandika yote kabla hatujafika nchi kavu.

Jumatatu, 6 Oktoba

Mwalimu Leodgar amekagua madaftari. Anatoka kusini, Songea, amefika kwetu mwaka jana. Ndiye aliyeanzisha klabu na ndiye aliyetupigia mistari ya safu nne: ndege, idadi, mahali, nani aliyesema. Bila safu ya nne, anasema, ni porojo za kijiweni. Mtu aliyekuambia aandikwe jina, na amejuaje.

Amesoma ukurasa wangu mbele ya darasa. Mara mbili! Nimeandika hivi: "Ndege wa kijivu, mdomo mpana. 1. Matete ya upande wa kaskazini. Aliyesema: Skolastika, msusi wa majamvi. Anamfahamu ndege huyu tangu utotoni Rumonge, Burundi, alikozaliwa. Alihamia hapa mwaka 1972 akiwa na miaka tisa. Mimi mwenyewe sikuona vizuri."

Mwalimu amesema sentensi ya mwisho ndiyo nzuri kuliko zote. Anadhani ni korongo nyangumi, na kwamba watu wa maliasili Kigoma watataka kujua. Kila ukurasa ameutia sahihi na mhuri wa shule.

Joanitha, mtoto wa nesi, amesema nimeona kivuli changu mwenyewe, kwa kuwa na mimi ni mrefu na mdomo ninao. Darasa zima likacheka. Nikacheka pia, lakini baadaye.

Mwalimu aliniita pembeni. Mkoani kuna Bwana Nathaniel wa maliasili. Daftari likimpendeza anaweza kuniandikia barua. Mwakani nikimaliza la saba, barua ya namna hiyo inasaidia kupata shule ya wasichana. Sijamwambia Mama. Nikisema mapema itayeyuka.

Jumapili, 12 Oktoba

Mvua tangu Alhamisi. Redio inasema ni Elinino. Bibi wa jirani ameuliza Elinino huyo ni mtoto wa nani na kwa nini hajafunzwa adabu.

Mto umepanda. Yangeyange wamehama mti wao. Sijui wamekwenda wapi. Nimehesabu 6 tu.

Kanisani, baada ya ibada, limesomwa tangazo. Watu wote waliotoka ng'ambo ya mpaka na wanaishi vijijini, waende kambini. Malori yatakuja. Mtu mmoja nyuma akauliza, hata wa zamani? Mzee wa kanisa akasoma tena mstari ule ule: wote.

Sikuelewa. Ninaowajua mimi kama wakimbizi ni wale wa mwaka jana, walioshuka kwenye maboti na magodoro, wakapelekwa kambini siku ile ile. Hapa kijijini hawapo. Nikatazama huku na huku nione ni nani anayetazamwa.

Hakuna aliyekuwa anatazamwa. Watu wote walikuwa wanatazama miguu yao. Na Mama alikuwa amemshika Shangazi Skolastika mkono, akaushika mpaka mwisho wa wimbo.

Alhamisi, 16 Oktoba

Bonifasi fundi baiskeli amechukuliwa. Alikuja mwaka ule ule wa sabini na mbili. Alipanda lori na sanduku lake la spana. Mkewe ni wa hapa hapa Ilagala, alibaki barabarani ameshika pampu. Watu wakamwambia amrushie pampu, Boni ataihitaji. Akasema hapana, Boni akiiacha atairudia. Lori likaondoka.

Jioni Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Hamdani, akapita nyumba kwa nyumba na karatasi. Nilimwamkia, nikamletea kiti. Aliuliza habari za majirani mmoja mmoja, kama vile hawajui, naye alizaliwa hapa.

"Skolastika?"

Baba akasema, "Yule wa Kagunga," kijiji cha mwisho upande wetu wa mpaka.

Mzee Hamdani akarudia, "Wa Kagunga," huku anaandika polepole sana. "Wale watu wa Kagunga wanaongea kama Warundi kabisa. Mgeni wa mbali hawezi kutofautisha."

"Hawezi," Baba akasema.

"Mpaka uko pale pale, kutupa jiwe."

"Jiwe dogo tu, Mzee."

Wakacheka wote wawili, kicheko cha watu ambao hawajaambiana kitu cha kuchekesha.

Nikafungua mdomo. Mama akanitazama. Baadaye jikoni nikamwuliza, Mama, Shangazi si wa Rumonge? Akasema, hujasikia kitu. Nikasema nimesikia, alisema mwenyewe. Akasema basi sasa hivi umeacha kusikia.

Nimefundishwa nyumba hii hii nisiseme uongo. Baba mwenyewe alinichapa kwa sababu ya kipande cha sukari guru. Sielewi.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mtumbwini. Nilitaka kumwuliza lakini sikujua nianzie wapi. Yeye ndiye alianza.

"Mwana wanje, mimi ni mtu wa Kagunga tangu juzi Alhamisi. Nisalimie vizuri."

Kumbe Baba amempa masomo, maana yeye amevua mpaka kule. Shangazi hajapata kukaa Kagunga hata usiku mmoja. Akaniomba nimwulize maswali, mimi niwe mwalimu, yeye mwanafunzi. Nikauliza: shule iko upande gani? Akasema upande wa ziwa. Kosa — Baba husema iko upande wa mlima. Nani mwenyekiti wa kijiji? Akataja mwenyekiti wa hapa Ilagala. Soko ni siku gani? Akafikiri sana, akasema, "Siku ambayo nilikuwa naumwa."

"Mwanafunzi mjinga huyu," akasema, "mchape!" Akanipa bua la funjo. Nikamchapa mgongoni, tukacheka mpaka mnandi wakaruka wote.

Na hapo katikati ya kicheko nikakumbuka. Safu ya nne!

Nimeandika kwa wino. Nimeandika na mwaka. Mzee Hamdani ameandika Kagunga, mimi nimeandika Rumonge, alikozaliwa, na mhuri wa shule uko chini yake.

Shangazi akaniuliza mbona umepauka. Nikasema jua. Hapakuwa na jua, kulikuwa na mawingu tupu. Hesabu ya leo sikuifanya vizuri.

Jumatatu, 20 Oktoba

Mwalimu Leodgar anakwenda Kigoma keshokutwa kwa boti. Anakwenda na daftari langu, kumwonyesha Bwana Nathaniel. Amesema darasani kwamba Ilagala itajulikana.

Yeye hajui alichobeba, anaona ndege tu. Nimelifikiria hili siku nzima. Watu wa huku wote wanajua Shangazi katokea wapi, na wote wamekubaliana kimya kimya kutojua. Mwalimu hakuambiwa. Ni mtu wa mbali, kwake Kiha na Kirundi ni kitu kimoja. Alisoma Rumonge mbele ya watoto arobaini, na baada ya tangazo watoto arobaini wakaambiwa majumbani kwao wamesahau. Hata Joanitha. Nimemwuliza leo, Rumonge ni wapi? Akasema, sijui, kwani ni chakula?

Mimi tu ndiye niliyeandika.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimekwenda ofisi ya walimu. Nikasema nina kosa la kusahihisha. Mwalimu akafurahi! Akasema mtafiti mzuri hurudi kwenye kazi yake. Akanipa daftari na kalamu, akakaa mbele yangu.

Akanikumbusha: hatufuti. Hatubandui ukurasa. Kosa linakatwa kwa mstari mmoja mwembamba ili lililoandikwa kwanza liendelee kusomeka, halafu sahihisho juu yake na tarehe. Ndivyo watu waaminifu wanavyokosea.

Nilifungua ule ukurasa. Nikikata Rumonge itasomeka, tena itasomeka zaidi, kwa sababu mstari unaita macho. Na nikikata, basi Shangazi amemjuaje ndege? Watu wa hapa hawamjui ndege huyo. Bila Rumonge hakuna Karani. Vimeshikana kama magamba na samaki.

Ningeweza kuchana nikimbie. Niliwaza. Nitaandika ukweli hapa kwa sababu hapa hakuna atakayesoma: sikuchana kwa sababu ya mhuri, na kwa sababu ya Mwalimu, na kwa sababu naitaka ile barua. Sijui ipi ilikuwa kubwa. Naogopa kuzipima.

Nikafungua ukurasa mwingine. Nikakata mdiria 9, nikaandika 8, na tarehe. Mwalimu akasema vema sana, Recho.

Mdiria walikuwa tisa.

Ijumaa, 24 Oktoba

Mwalimu amerudi. Boti ilichelewa kwa mawimbi, ametapika njia nzima, lakini anatabasamu. Bwana Nathaniel amefurahi mno. Hakuna rekodi ya ndege huyo kwenye matete yetu. Anakuja Jumanne mwenyewe! Daftari kabaki nalo, analisoma. Amesema huyo mama Skolastika ni hazina, lazima amwone, ampeleke mtumbwini.

Nikauliza atakuja na usafiri gani, maana barabara imekatika mahali pawili.

Kuna gari moja tu linaloweza kupita, Mwalimu akasema. Lile la wale wanaohakiki majina ya wanaopelekwa kambini. Wamekubali kumpa lifti.

Amesema lifti kama mtu anayeleta habari njema. Nikashukuru.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nimemwambia.

Nilimkuta barazani kwake anasuka. Nilikuwa nimepanga maneno, yakapotea yote. Nikasema tu: Shangazi, nimekuandika. Nikaeleza safu nne, mhuri, gari, Jumanne. Nililia, makamasi na kila kitu.

Hakuacha kusuka. Nilitegemea anifokee. Nilitaka anifokee.

Akasema, "Umeandikaje?"

Sikuelewa swali.

"Maneno yenyewe. Niambie."

Daftari sina, lakini ukurasa ule naujua kwa moyo. Nikausoma hewani kuanzia "Aliyesema". Mikono yake ikasimama.

"Rudia pale pa Rumonge."

Nikarudia: Rumonge, Burundi, alikozaliwa.

Akakaa hivyo, funjo moja mdomoni. Akasema katika maisha yake yote hajaandikwa popote. Wala kuzaliwa, wala ubatizo, karatasi ziliungua na kanisa. Shangazi yake aliyemleta huku ndiye peke yake aliyekuwa anakumbuka tarehe, naye amekufa. "Kumbe nipo kwenye kitabu," akasema. "Na ndege."

Halafu akasema, "Lakini umekosea. Si miaka tisa. Nilikuwa na minane."

Nikasema, Shangazi! Hilo si tatizo letu sasa!

"Mwalimu wako si anataka ukweli? Minane. Tisa nilitimiza hapa, msimu wa mahindi."

Nikamwuliza kama hataki kuogopa. Ndivyo nilivyouliza, kwa upumbavu, kama hataki. Akasema woga anao, upo ndani, umekaa na majamvi. Akanipa jamvi dogo nimpelekee Mama. Akasema niende, mvua inakuja.

Nimerudi sielewi kama nimesamehewa au nimetumwa kusahihisha.

Jumapili, 26 Oktoba

Mvua. Maji yamefika kwenye vichanja vya dagaa. Kwarara watatu uwanjani kwetu wanachokoa minyoo, hawaogopi mtu.

Shangazi hakuja kanisani.

Jumatatu, 27 Oktoba

Nimewaambia Mama na Baba. Baba hakunipiga. Alikwenda kumwita Mzee Hamdani.

Mzee alikaa, akaweka kofia yake magotini. Karatasi yake, alisema, imeandikwa Kagunga na ameitia sahihi. Ikionekana ni uongo, na yeye ataulizwa. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma hali ya hewa.

Halafu wakapanga, mimi nimesimama mlangoni.

"Mtoto atasema ametunga," Mzee Hamdani akasema. "Mtoto kutunga si kosa la jinai."

Baba akasema sawa. Nitasema ile Rumonge niliisikia redioni, nikaiweka ili habari ipendeze. Na Shangazi kesho asionekane kabisa. Aingie kwenye matete asubuhi, atoke gari likishaondoka.

Nikasema: nikisema nimetunga hiyo, hakuna atakayeamini mengine. Hesabu zote za mwaka mzima. Na ndege.

Mama akasema, "Ndege hatapandishwa lori."

Nikatazama lile jamvi dogo la Shangazi sakafuni.

Nikauliza, na Mwalimu? Mama akasema Mwalimu atakasirika, na hasira za mwalimu huisha likizo. Kuhusu barua sikusema. Bado hawajui kwamba kulikuwa na barua. Naona haya kuitaja mbele ya jambo hili, lakini naiwaza. Nawaza sweta la shule ile, la bluu.

Baba alikwenda kwa Shangazi kumweleza mpango. Akarudi. Amesemaje? Amesema "ego". Mama akasema ego yake haina maana, huyo husema ndiyo hata ukimwambia mto unapanda mlima.

Jumanne, 28 Oktoba, asubuhi

Mvua imekatika. Mbayuwayu wamejaa kwenye waya wa posta. Sijawahesabu.

Nimefanya mazoezi: nilitunga, shikamoo, nilitunga, naomba radhi. Nikisema mbele ya kioo naonekana kama ninasema kweli. Hilo nalo limenitisha.

Jumanne, 28 Oktoba, mchana

Niko juu ya boti la Baba lililopinduliwa ufukweni. Wameniambia nikae hapa nisiende popote. Naandika kwa penseli, kalamu iko kwa Mwalimu.

Gari lilifika saa nne. Wanaume watatu, na Bwana Nathaniel. Si mzee kama nilivyofikiri. Ana darubini shingoni na viatu vya mvua. Daftari langu alikuwa amelifunga kwenye nailoni, kwa uangalifu, kama mtoto mchanga. Alinipa mkono! Akasema, "Wewe ndiye Recho? Una mwandiko mzuri kuliko wangu."

Tulikaa barazani kwa Mzee Hamdani. Wale wengine walipewa chai upande wa pili, karatasi zao mezani. Mwalimu Leodgar amevaa tai.

Bwana Nathaniel akafungua ule ukurasa. Akaniuliza: habari hii ya Rumonge, mama mwenyewe alikuambia?

Nikasema, "Nilitunga."

Chai ikaacha kunywewa upande wa pili. Au niliona hivyo tu.

"Umetunga ndege?"

"Hapana, mheshimiwa. Ndege ni wa kweli. Rumonge ndiyo nilitunga. Niliisikia redioni."

"Na mwaka?"

"Na mwaka."

Mwalimu akaniambia, Recho. Basi, jina tu. Akavua miwani akaifuta kwa tai. Nikatazama chini, nikaona Mzee Hamdani amevaa ndala za rangi mbili, moja ya buluu moja nyekundu. Nadhani alivaa gizani.

Bwana Nathaniel hakukasirika. Ingekuwa afadhali. Alisema kwa upole kwamba anasikitika, kwa sababu kama mahali ni pa kutunga, hana namna ya kumtetea ndege. Mtu aliyemwona Rumonge anaweza kumtambua hapa. Mtu ambaye hajapata kumwona popote ameona korongo wa kawaida. Akafunga daftari.

Nilifikiri imekwisha. Nilikuwa na huzuni na raha kwa pamoja, sikujua iliyo yangu ni ipi.

Ndipo mmoja wa wale wa karatasi akauliza, "Yule nani?"

Shangazi Skolastika alikuwa anakuja. Si kutoka matete ya mbali. Katikati ya maji kabisa, amesimama kwenye mtumbwi, anasukuma upondo bila haraka. Amevaa kitenge chake cha Pasaka. Baba akasema neno ambalo siwezi kuliandika.

Akafunga mtumbwi. Akasalimia wote, wakubwa kwanza. Akauliza ni nani kati yao aliyekuja kumwona Karani, maana wamekaa wengi na mtumbwi wake unabeba mmoja.

Bwana Nathaniel akasimama. "Yupo?"

"Leo asubuhi alikuwepo. Kesho simjui."

Mtu wa karatasi akauliza, mama unatoka wapi wewe? Mzee Hamdani akajibu haraka kabla yake: Kagunga, iko hapo, mstari wa kumi na nne. Yule mtu akatazama mstari wa kumi na nne. Akamtazama Shangazi. Akatazama na daftari langu mkononi mwa Bwana Nathaniel.

"Basi nendeni," akasema. "Mkirudi, bwana Nathaniel utatuambia kama ni Kagunga au ni huko kwenye redio. Wewe ni mtu wa ukweli. Tutaandika utakalosema."

Akamimina chai nyingine.

Nikakimbia mpaka majini. Nilitaka kumwambia Shangazi: nimeshasema nimetunga, shule ya Kagunga iko upande wa mlima, soko ni Jumatano! Lakini Bwana Nathaniel alikuwa anaingia mtumbwini, na alikuwa karibu kuliko mimi. Nikabaki nimesimama maji magotini. Shangazi akaniuliza kama nimekula. Nikasema ndiyo. Sijala.

Hiyo ilikuwa saa sita kasoro. Sasa jua liko juu ya utosi. Mwalimu amekaa peke yake kwenye ngazi ya Mzee Hamdani. Hajanitazama, lakini hajaondoka. Mama anageuza dagaa walewale kwa mara ya tatu. Wale watu wamemaliza chai, mmoja amelala na karatasi usoni.

Nawaona. Walizama kwenye matete muda mrefu, sasa wametoka ukingoni, mbali, wadogo kama mnandi wawili. Bwana Nathaniel ameketi. Alikuwa na darubini machoni, hakuishusha kwa muda mrefu sana, ameinama mbele kabisa mpaka nikaogopa ataanguka. Nadhani wamemwona! Hakuna mtu anayekaa hivyo kwa ajili ya korongo wa kawaida.

Sasa ameishusha. Amegeuka kwa Shangazi, anamwuliza kitu. Najua anachouliza. Ningekuwa mimi ningeuliza hicho hicho: umemjuaje?

Shangazi amelaza upondo. Anaongea. Upepo unaelekea kwao, sisikii hata herufi. Ameinua mkono, ananyoosha kaskazini, juu ya ziwa.

Kagunga iko kaskazini. Rumonge nayo iko kaskazini, ufuko ule ule, mbele zaidi. Kutoka hapa ni mkono mmoja. Siwezi kuona ameufikisha wapi.

Bado ameunyoosha. Sasa mkono mwingine umeshuka usawa wa kiuno — namna mtu anavyoonyesha kimo cha mtoto.

Shangazi, hapana.

Au ndiyo. Sijui. Mungu nisamehe, sijui ninataka kipi.

Bwana Nathaniel amefungua nailoni. Ametoa kalamu. Anaandika. Yule mtu ameamka, ameondoa karatasi usoni, anakuja huku ufukweni anauliza kama wamerudi.

Nimemwambia bado. Hilo ni kweli.

Bado anaandika.